Mkwe Wake Alipoingia

Nilichaguliwa kuingia Kamati ya Wafanyakazi kwa sababu ya mdomo wangu. Siku ya uchaguzi, pale uwanjani, mtu mmoja alipaza sauti, "Mpeni yule wa mizani, huyo hata shetani hamnyamazishi." Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa, na mimi nikajikuta mjumbe. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Redio ilikuwa ikituambia kwamba mfanyakazi si mtumwa na meneja si bwana, na mimi, binti wa mjini Shinyanga, baba mfanyabiashara kutoka Pangani na mama Mmanyema, niliyaamini maneno hayo pengine kuliko waliokuwa wakiyasoma.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kuchambua pamba. Wenyewe tulikiita jineri. Malori ya vyama vya msingi yalikuja na pamba ya wakulima, mimi nikapima, pamba ikaingia ndani kwenye mashine kutenganishwa na mbegu, ikatoka upande wa pili ikiwa marobota. Humo ndani sikupenda kuingia. Vumbi la pamba linakaba kifua, na kelele yake ukitoka bado inaendelea kichwani. Waliofanya kazi mle walikuwa watu wa kuelewana kwa ishara.

Mmoja wao alikuwa mtu wa oili. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kopo lake kutoka mashine hadi mashine, kuzipaka mafuta, kugusa beringi kwa kiganja kuona kama zimepata moto, na kuizima mashine inayoanza kukabwa na pamba. Alikuwa Msukuma wa upande wa Kolandoto, mwenye mke na watoto wadogo, mpole mno, msema kidogo. Nilikuwa nikimtania, "Leo umeinywa hiyo oili nini, mbona umenyamaza?" Yeye hutabasamu akapita zake.

Mchana mmoja, msimu ukiwa umepamba moto, mashine yake ilikabwa na pamba, mkanda ukaungua, moshi ukajaa jumba zima. Watu waliuzima moto kwa mchanga kabla haujashika pamba, na ni bahati tu, maana pamba ikishika hakuna cha kuokoa. Mtu wa oili hakuwapo kwenye mashine. Alikutwa nje, nyuma ya ukuta, amesimama na kopo lake mkononi.

Meneja wetu alikuwa mgeni, ameletwa kutoka makao makuu msimu ule ule. Alimsimamisha kazi papo hapo, kisha akatuita Kamati ofisini kwake, kwa kuwa sheria haikumruhusu kumwachisha mtu kazi kabla ya kukaa na sisi. Tulikuwa wajumbe wachache, mimi mwanamke peke yangu. Mtu wa oili akasimamishwa mbele ya meza.

"Uliacha mashine ikizunguka?" meneja akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Ulikwenda wapi?"

"Nje."

"Kufanya nini?"

Kimya. Akauliza tena, kimya. Mimi nikaingilia, "Sema basi! Ulibanwa na haja? Uliumwa?" Maana nilishampa hata majibu, achague moja. Akaniangalia kidogo, akainamisha macho. Nilitamani kumtikisa.

Meneja akasema anaye shahidi aliyekuwamo ndani wakati ule, akaagiza aitwe. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kibarua wa kufagia mbegu uwanjani, kanga yake kaivuta hadi kwenye paji la uso. Kabla hajafika katikati ya chumba, mtu wa oili aliruka kama aliyeunguzwa, akapita ubavuni mwa ukuta, akatoka nje. Hakuomba ruhusa, hakugeuka nyuma.

"Mmeona wenyewe," meneja akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeridhika. "Hata kesi yake anaikimbia. Mnataka dharau gani zaidi ya hiyo?"

Yule mama akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, alimwona mtu akitoka, basi, akaambiwa arudi kazini. Mtu wa oili akaachishwa kazi siku ile ile.

Nilitoka nikifoka. Mjumbe mwenzangu, mzee wa upande wa marobota, naye Msukuma, alinishika mkono na kunivuta pembeni.

"Unamlaumu bure, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma. "Yule aliyeingia ni mama yake mkwe."

"Sasa?"

"Sasa angekaaje naye chumba kimoja?"

Sikumwelewa. Nimezaliwa Shinyanga, nimekulia Shinyanga, lakini Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni na mila zao nilizijua kwa juu juu. Kwetu mkwe ni mtu wa kugombana naye. Mama mkwe wangu na mimi tulikuwa tukirushiana maneno uso kwa uso karibu kila Ijumaa, kisha tunakula sahani moja. Mzee akanieleza taratibu kwamba katika nyumba zinazoshika mila, mwanamume hakutani na mama wa mke wake, hakai alipokaa, wala jina lake halitamki. Akimwona njiani, mmoja anaacha njia. Pale kiwandani walikuwa wamepanga wenyewe bila kumwambia mtu: mama kazi yake uwanjani, kijana ndani. Mama akitaka kwenda bombani, wenzake wanakohoa, kijana anajua.

"Na siku ile ya moshi?"

"Mfagizi wa ndani aliumwa. Mama akatumwa ndani."

Nikasikia damu ikinipanda. "Na ninyi mlikaa mle ofisini, mnajua, mnatazama, hamsemi?"

"Mambo ya mkwe hayazungumzwi ofisini," mzee akasema, tena kwa upole, kama ananielekeza njia.

Nilikasirika na kila mtu: meneja, mzee, mtu wa oili mwenyewe, na hiyo mila. Lakini usiku hasira ya mila ilinitoka, ikabaki ile nyingine. Mtu alikuwa amefukuzwa kwa kutojibu swali ambalo asingeweza kulijibu bila kumtaja mkwewe, kisha akaletewa mkwe mwenyewe chumbani. Kuitwa chumbani si kusikilizwa. Hilo lilinikaa rohoni, na likinikaa jambo rohoni mume wangu hujua kwamba nyumba haitalala.

"Utafukuzwa wewe," akaniambia.

"Wakinifukuza mimi watanisikiliza mpaka wachoke," nikamjibu.

Jumapili nikaenda nyumbani kwa mtu wa oili, nikapata lifti ya lori la mahindi hadi karibu, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta anafunga mzigo: jembe, sururu, blanketi. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani, macho yamevimba. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, na hakunipa nafasi ya kukaa.

"Mama, anakwenda Geita kwenye maduara," akasema. Maduara ni mashimo ya dhahabu, wanayochimba watu wenyewe kwa mikono. "Kaka yake, duara liliporomoka likamfunika. Hawakumtoa. Na yeye anakwenda huko huko."

Mtu wa oili aliendelea kukaza kamba ya mzigo. Nikaona basi, jambo lenyewe ni hili: asiporudishwa kazini, huyu anakwenda kuingia ardhini. Niliogopa, nasema kweli. Mpaka pale nilikuwa nadhani nimekuja kushindana na meneja.

Nikamweleza kwamba kuna Baraza la Usuluhishi, aliyeachishwa kazi anaweza kupeleka lalamiko kule. Mawakili hawaruhusiwi, si kwetu si kwa mwajiri, lakini mtu wa Kamati anaweza kumsemea. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi kwa mpigo:

"Sitakaa naye chumba kimoja. Na wewe usije ukanifanya nimtaje. Hayo mawili. Mengine yote sema wewe, nitakubali."

"Lakini nikisema kwa nini ulitoka, lazima yeye atajwe."

"Utamtaja wewe. Wewe si mkwe wake."

Mkewe alicheka huku machozi yanamtoka. Na mzigo ukafunguliwa, walau mpaka Baraza likae.

Nilitaka kuongea na yule mama kabla ya siku yenyewe, nikashindwa. Meneja alikuwa amekwisha kumweka kama shahidi wake, na kila nikisogea uwanjani, mnyapara anajitokeza na kuniuliza kama mizani imenichosha. Nikaenda barazani sijui atasema nini. Mtu mwenye akili hamwulizi shahidi wa mwenziwe bila kujua jibu. Lakini wakili nisingeruhusiwa kumleta, na akili niliyokuwa nayo ni hiyo.

Baraza lilikaa kwenye chumba kirefu cha ofisi za serikali, kina meza moja, mabenchi, na dirisha kubwa linaloangalia kibarazani. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Rungwe, mkavu, miwani puani, mtu wa kufuata sheria neno kwa neno. Meneja alikuja na afisa utumishi kutoka makao makuu, kijana mwenye tai aliyekuwa amesomea sheria. Wakili hakuwa, kwa hiyo aliruhusiwa. Lakini alivyokuwa akisimama na kushika ukosi wa koti, tofauti sikuiona. Mimi nilikuwa na buibui langu na kijitabu cha makosa na adhabu kilichokunjika kona zote.

Yule mama alikuwa tayari ameketi ndani. Mtu wa oili alifika mlangoni, akamwona, akarudi kibarazani.

"Mheshimiwa, imejirudia," afisa utumishi akasema. "Mlalamikaji ameanza kwa kususia. Tunaomba lalamiko litupwe."

Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Mlalamikaji yuko wapi?"

"Yuko nje, mzee, na ana sababu."

Nikaisema. Niliisema wazi, nikamtaja mama kwa kumnyooshea mkono, na nyuma yangu nikasikia mabenchi yanalia, watu wanavyojigeuza kwa aibu. Afisa utumishi akacheka puani.

"Mashine hazina mila," akasema. "Kama kila mfanyakazi ataacha mashine kwa sababu mkwe, shemeji au shangazi kapita, tutafunga kiwanda. Akitaka kufanya kazi kwa mila, akachunge ng'ombe."

Wengine walicheka. Hata mimi, kama nisingekuwa nimeuona ule mzigo, labda ningecheka, maana hoja ilikuwa na ukweli wake. Ndiyo iliyonitia hasira zaidi.

"Mzee mwenyekiti," nikasema, "mimi sitetei mila. Mila hiyo si yangu na siielewi. Ninachosema ni kwamba huyu mtu hajasikilizwa. Alihojiwa mara moja tu kuhusu siku ile, na jibu lenyewe lilikuwa ni mtu asiyeweza kumtaja; kisha akaletewa chumbani mtu huyo huyo, ambaye mbele yake hawezi kukaa wala kufungua mdomo. Ni sawa na kumziba mtu mdomo kwa kitambaa na kuandika kwamba hakuwa na la kusema."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. "Kwetu," akasema polepole, "mke wa mwanangu akiniona njiani anaingia kwenye migomba." Kisha akavaa tena miwani, na ukali ukamrudia. "Lakini kanuni ni kanuni. Mlalamikaji lazima asikie ushahidi unaotolewa juu yake, na apewe nafasi ya kuujibu. Bila hivyo siendelei."

"Atasikia," nikasema. "Dirisha lile lifunguliwe. Benchi liwekwe kibarazani chini yake, akae ametupa mgongo. Masikio yake yatakuwa humu ndani. Akiwa na la kuuliza, ataniambia mimi dirishani, nami nitaliuliza."

"Hii ni michezo!" afisa utumishi akasema.

"Fungua dirisha," mwenyekiti akamwambia tarishi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kesi ile. Mtu wa oili alikaa nje na kisogo chake kinaonekana dirishani, kofia mkononi. Kila aliposemwa, kile kisogo kilikuwa kikiinama kidogo. Meneja alitoa maelezo yake, kwamba mtu aliacha mashine kwa uzembe. Kisha yule mama akaulizwa na afisa utumishi, akajibu kwamba ndiyo, alimwona mtu akitoka, na baadaye aliona moshi. Akaambiwa inatosha.

Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu."

"Huyo mtu aliyetoka, alitoka kwa nini?"

Alivuta kanga yake. Chumba kizima kikamngoja. Nikadhani atasema hajui, na ingekuwa haki yake.

"Alitoka kwa sababu mimi nimeingia," akasema.

"Kwa nini uliingia na kazi yako ni ya uwanjani?"

"Nalitumwa nikafagie ndani."

"Na nani?"

"Na bwana meneja."

"Ulimwambia kwamba mle ndani kuna mtu usiyepaswa kukutana naye?"

Kisogo cha dirishani kilikuwa kimetulia tuli. Jibu lolote lingeweza kutuua au kutuponya. Yule mama aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama meneja wala si mimi.

"Nalimwambia. Nikamwambia, bwana, mle ndani kuna mkwe wangu, nipe dakika ndogo atafute wa kumshikia mashine. Akaniambia, hapa hakuna mkwe, hapa kuna vibarua. Ingia au nenda nyumbani. Nikaingia."

Meneja akasema kwa haraka kwamba hakumbuki maneno hayo. Hakuna aliyemwuliza alikuwa anakumbuka nini. Nilikwenda dirishani, nikamwuliza mtu wa oili kama ana swali kwa shahidi. Akatikisa kichwa, na nikaona anajifuta uso kwa kofia.

Nikafungua kijitabu changu. Nikaonyesha kwamba kuacha kituo cha kazi, kwa mtu asiyewahi kuwa na kosa, adhabu yake ni onyo. Afisa utumishi alipinga kwa maneno mengi mazuri. Baraza likatoka, likarudi, na mwenyekiti akasoma: mlalamikaji alikosea kutoizima mashine kabla ya kutoka, na kwa hilo anapewa onyo; kuachishwa kwake kazi kumetenguliwa; arudi kazini. Akamwagiza meneja kwamba siku nyingine akimhoji mtu, ahakikishe kwanza kuwa mtu huyo anaweza kujibu.

Nililia pale pale mbele ya watu, buibui likanisaidia. Mzee wa marobota alikuwa akinipigapiga bega na kusema "Wabeja, mayu, wabeja," yaani asante, mpaka bega likaniuma.

Asubuhi ya kurudi kazini niliwahi getini kwa sababu nilitaka kumwona akiingia. Malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Nikamkuta yule mama amesimama nje ya geti, fagio mkononi, na mlinzi amemzuia. Alikuwa na agizo: huyo hana kazi tena.

"Kwa kosa gani?" nikauliza.

"Kibarua hana kosa wala kesi. Haitwi tu," mlinzi akasema, naye hakuonekana kufurahi kuyasema.

Na ilikuwa kweli. Sheria niliyokuwa nimeishika mkononi, Kamati, Baraza, mwenyekiti na miwani yake, vyote vilikuwa vya mwajiriwa wa kudumu. Kibarua aliajiriwa asubuhi na kuachwa jioni, na hapakuwa na chumba cha kumwita wala dirisha la kumfungulia. Yule mama alilijua hilo alipoinua uso kule barazani. Mimi, mwenye mdomo, sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

Mtu wa oili akatokea na baiskeli. Alimwona mama mkwe wake kwa mbali, akashuka, akageuza uso kama ilivyompasa. Nikadhani atazunguka aingie kwa geti la nyuma. Badala yake alikuja taratibu ubavuni mwa ukuta, uso kaugeuzia ukuta, akiiburuta baiskeli, mpaka akawa amesimama kati ya yule mama na mlinzi, mgongo kwa mama, uso kwa geti.

"Ingia," mlinzi akamwambia. "Wewe umeshinda."

"Aliye nyuma yangu simtaji," mtu wa oili akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini wenye malori walizima injini. "Lakini mimi nilisikilizwa. Yeye kasikilizwa na nani? Asipoingia, siingii."

"Mashine zitapakwa mafuta na nani?"

"Sijui."

Nikaenda nikasimama pembeni yake. Mzee wa marobota akaja. Wakaja wa ndani, wakaja vibarua wenzake na mafagio yao. Hakuna aliyepiga kelele. Hata mimi nilinyamaza, na wanaonijua hawaamini nikiwasimulia. Malori yalizidi kujaa barabarani. Jua lilipokuwa limepanda sana meneja akatoka, akatutazama, akaitazama ile foleni.

"Aingie," akasema. "Kwa leo."

Mtu wa oili akageukia ukuta na kubaki hivyo mpaka mama mkwe wake alipopita. Kisha akachukua kopo lake, akaingia. Kesho yake agizo lilikuwa pale pale getini, na sisi tukasimama tena.